Mwaka Nilioitwa Mama Koku

Mama Bhoke tulimzika Jumamosi, kule Igoma, nyuma ya nyumba ya mwanawe, na tangu siku hiyo hakuna tena mtu duniani anayeniita Mama Koku. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asidhani machozi yangu yote ni ya Mama Bhoke. Yake yamo, na ni mengi. Alikuwa mwanamke wa kelele, mbishi, wa kukugombeza kwa kuchelewa kuja kumwona na papo hapo akakugombeza kwa kuja bila taarifa, na tulipendana hivyo hivyo tangu ujana wetu. Lakini pale msibani nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, nikamsikia mwenye kipaza sauti akitangaza, "Sasa rafiki wa marehemu, Bibi Adventina, atupe neno," nikajikuta nasubiri sauti itokee mahali imrekebishe. Haikutokea. Mwenye kurekebisha alikuwa ndani ya jeneza. Nikasimama, nikasema maneno mawili matatu ya kanisani ambayo hata siyakumbuki, nikakaa.

Aliyenirudisha nyumbani Buswelu ni mjukuu wangu Jovina, binti wa mwanangu Deus. Jovina anafanya kazi benki mjini, ana gari lake dogo, na ana simu inayojua mambo yake kuliko mimi bibi yake. Njiani simu hiyo ikapiga kengele, ngaa moja ndefu ya polepole, naye akapunguza mwendo, akavuta pumzi, akaishusha. Nikamwuliza ni nini hicho. "Bibi, usicheke. Ni kengele ya kunikumbusha kupumua." Nikamwambia, "Kwani ulikuwa umesahau?" Akaanza kunieleza: kazini waliletewa mtaalamu kutoka Dar, akawapa zabibu kavu moja moja, akawaambia waitazame, wainuse, waitafune bila haraka yoyote. Kisa? "Ili tuwepo, Bibi. Mtu anakula lakini hayupo, akili iko kwenye simu, iko kwa bosi." Loo! Nilicheka mpaka kitambaa cha msibani kikanidondoka kichwani, nikaona aibu, maana tulikuwa tunatoka kuzika. Lakini mimi somo hilo nililipata kwa ugali wa yanga na dagaa, zamani za Ujamaa, bila mtaalamu na bila zabibu. Jovina akangoja nimalize kucheka, kisha akauliza lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu utoto wake: "Bibi, Koku ni nani? Mama Bhoke alikuwa anakuita Mama Koku. Mimi nilidhani ni utani wenu." Nikamwambia nina usingizi. Akaniacha mlangoni, akasema atarudi kesho baada ya ibada, na mimi nikabaki na swali lake jioni nzima nikizunguka nalo jikoni na uani.

Yule mtu aliyenifundisha kula aliitwa Kusuma. Ulikuwa ule wakati wa foleni: vita vimekwisha, madukani rafu zinaangalia watu, sabuni ni ya kugawiwa, sukari ni ya kubahatisha, na unga uliokuwepo ni ule wa njano wa msaada tuliouita yanga. Nilikuwa msichana wa ishirini na kidogo, nimetoka Bukoba kwa meli na sanduku moja, nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya pamba hapa Mwanza. Mume wangu alibaki kule na lori lake. Habari zake zina sura yake, hapa hazinihusu. Kilichoniondoa Bukoba ndicho nitakachokieleza, na nitakieleza kwa kifupi kwa sababu nimekieleza mara chache sana maishani hata maneno yake hayajalainika. Nilizaa mtoto wa kike. Tulimwita Kokugonza, Koku. Hakufikisha arobaini.

Kwetu, na nadhani karibu kote nchini, mwanamke akizaa jina lake linapumzika. Unakuwa mama fulani. Mimi nilikuwa Mama Koku tangu asubuhi ile mkunga aliponikabidhi, na jina lile nilivyolipenda, jamani, hata mtu akiniita kunituma kuni nilikwenda nikitabasamu. Tulipomzika kule migombani, kesho yake asubuhi mama mkwe wangu akaniita kutoka jikoni: "Adventina, moto umezimika." Basi. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa. Kaburi sikuliamini, sauti ile niliiamini. Na sisemi kwamba alikuwa mama mbaya. Wote walidhani wananisaidia. Yule hakukaa, walisema, alikuwa mgeni tu, utapata mwingine, usimtajetaje usije ukajifungia mlango. Wakafua nguo zake ndogo, wakazigawa, na jina langu wakaniwekea pale pale lilipokuwa kabla sijaolewa. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso, maana hakuna aliyeona kwamba nimevuliwa.

Ofisi ya pamba ilikuwa na mhandisi wa mitambo ya kuchambulia, mtu wa Sri Lanka, ambako wazee bado walikuwa wanakuita Siloni. Alipewa nyumba ya shirika chini ya kilima, karibu na ziwa, yenye mawe makubwa uani. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, nikapewa mimi. Mhandisi mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Leo yuko Sengerema, kesho Geita, mashine zilikuwa zinakufa kila wiki na vipuri hakuna. Nyumbani alibaki mkewe. Watu mtaani walimwita Mama Kusuma, nami siku ya kwanza, kwa adabu, nikamwuliza Kusuma yuko wapi, anasoma? Akanitazama kwa upole, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, nywele amezisuka msuko mmoja mrefu mgongoni. "Kusuma ni mimi," akasema. Hakuwa na mtoto. Watu walisikia jina lake, wakaliweka mama mbele, wakaona wamemaliza. Nilicheka chumbani peke yangu: yeye amekuwa mama yake mwenyewe, na mimi niliyezaa nimerudishwa kuwa Adventina.

Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni, kitabu kikuukuu cha jalada la kijani, na alikiamini kama mtu anavyoamini saa ya kanisa. Kila swali alilianza kwa "je". "Je, umeamka?" "Je, maji yamekuja?" Maji hayakuja. Mji uko ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko nchi za watu, na bombani tunasikia upepo tu unapiga filimbi. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nateremka na debe mpaka ziwani, napanda nalo juu katikati ya mawe, shingo imezama mabegani, na kila tone nilikuwa nalijua. Sebuleni mwake, kwenye pembe inayotazama ziwa, palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake sanamu ya mtu aliyekaa, macho chini, mikono mapajani. Mbele yake kila asubuhi aliweka maua, glasi ya maji, taa ndogo ya mafuta na wali kijiko kimoja kama upo. Kisha anakaa chini sakafuni, hasemi, hasogei. Mimi ni Mlutheri, nilizaliwa Mlutheri na nitazikwa Mlutheri. Mwanzoni nilikuwa napita pale nikiangalia ukutani.

Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi Mama Bhoke, mke wa fundi wa ofisi yetu, mtu wa Mara, muuza samaki wa kukaushwa, na zaidi ya yote balozi wa nyumba kumi. Cheo hicho alikivaa kuliko kanga. Kwa kabila lake na ulimi wake kila L ilikuwa inageuka R, na sauti yake haikujua ua ni kitu gani. "Yure mama anaongea na sanamu," nilimsikia akimwambia mtu. "Tena mchana kweupe. Na kare kasichana ka Kihaya nako kameingizwa humo." Nilikuwa nyuma ya michongoma naanika nguo, na niliumia. Siyo kwa kuitwa kasichana, niliumia kwa sababu hata kusengenywa nilikuwa nasengenywa peke yangu, sina dada wa kumwambia, "Umemsikia huyu?"

Chakula ndicho kilichotuunganisha, yaani ukosefu wake. Yeye alikuwa na kuni, mimi nilikuwa na unga wa mgao wa ofisi, akasema tupike pamoja. Siku ya kwanza mezani nikaanza kumsimulia habari za ofisini, karatasi za kaboni zimekwisha, bosi kakasirika. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Sasa tunakula," akanyamaza. Nikadhani nimemkosea. Kwetu chakula ni mazungumzo. Ukila kimya kuna kesi. Yeye akachukua tonge, akalitazama, akatia kinywani, akatafuna mpaka likaisha, ndipo mkono ukarudi kwenye sahani. Nikafuata nikiona upuuzi mtupu. Nikasikia dagaa wakivunjika menoni mwangu. Nikasikia mawimbi kule chini yakigonga mawe, ambayo nilikuwa nimekaa nayo wiki kadhaa sijayasikia. Kisha, kabla sijajua yanatoka wapi, nikasikia maziwa yangu. Yalikuwa yamekauka zamani, lakini kifua kilikumbuka, kikauma vile vile, na machozi yakaanza kunitoka juu ya ugali. Tangu mazishi nilikuwa sijakaa mahali bila kufanya kitu. Ofisini walinisifu, msichana huyu vidole vinakimbia, na hakuna aliyejua vinamkimbia nani. Mama Kusuma hakusema pole. Hakusema nyamaza. Aliacha kutafuna, akanitazama usoni, akasema, "Unalia," kama vile mtu anavyosema mvua inanyesha, na akakaa nami mpaka ikapita. Kisha tukamaliza chakula, maana hazikuwa siku za kuacha chakula.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na kila kitu. Akifagia alikuwa anafagia. Akikosha sufuria, usimwulize kitu. Ataweka sufuria chini, atajifuta mikono, atakugeukia mzima mzima, ndipo akujibu. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo dini. Akasema Budha alifundisha mambo mengi, vitabu ni vingi, watawa wanasoma maisha yao yote. Yeye ni mke wa mtu jikoni, amechukua hili moja tu, kuwepo pale alipo. "Je, ni vigumu?" nikamwiga. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ni vigumu sana," akasema. "Kila siku ninakwenda nyumbani kwetu mara mia. Mwili uko Mwanza, moyo unakwenda kwa mama yangu. Ninaurudisha. Unakwenda. Ninaurudisha." Ndipo nilipoelewa kwamba yule mama mtulivu alikuwa mpweke kuliko mimi. Mimi ningeweza kupanda meli. Yeye alikuwa na bahari, na mume wa kuonekana Jumapili, na kitabu cha kijani.

Siku za foleni ndizo zilizonitoa uvumilivu. Mama Kusuma akisimama kwenye foleni ya sukari, kweli alikuwa amesimama: mikono ameikunja mbele, macho chini, anaangalia pumzi zake. Watu walidhani amelala. Wanawake wenye akili zao wakawa wanachomeka mbele yake mmoja mmoja, na mimi nyuma damu inachemka. "Mama, wanakupita!" Akafumbua macho. "Je, wanakwenda wapi?" Wanakwenda kununua sukari, ndiko wanakokwenda! Tulipofika dirishani sukari imekwisha, mwuzaji anafunga, na mimi nikaanza kufoka, nikawatukana wote waliochomeka, nikamtukana na mwuzaji. Mama Kusuma akanishika kiwiko. Njiani akasema, "Sukari imekwisha. Hasira ipo bado. Je, utaibeba mpaka nyumbani?" Nikaibeba mpaka nyumbani, na kesho yake nikaenda nayo kazini. Sikuwa mwanafunzi mzuri, na mpaka leo mtu akichomeka mbele yangu benki kwa Jovina, atanisikia.

Jumapili moja mchana tulikaa barazani tukichambua mchele, ungo mmoja katikati yetu. Mchele ulikuwa umeletwa na mhandisi kutoka Sengerema, kitu cha thamani, na ulikuwa na mawe kana kwamba wameuvuna mlimani. Kanisani siku hiyo walibatiza watoto. Nilikuwa nimetoka kabla ya mwisho. Vidole vinasogeza punje, jiwe upande huu, punje upande huu, na nikasikia sauti yangu inauambia ungo: "Nilikuwa na mtoto."

Hakuinua kichwa. "Je, jina lake?"

Nisikilize vizuri, wewe unayesoma. Nilikuwa nimeambiwa pole na watu wa kijiji kizima. Nilikuwa nimeombewa na mchungaji. Jina lake hakuna aliyeniuliza. Waliolijua walilimeza na wasiolijua hawakuona lina kazi gani. "Kokugonza," nikasema. "Koku. Maana yake anayependwa."

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyegundua amekuwa akidanganywa. "Basi wewe ni Mama Koku. Kwa nini niliambiwa wewe ni Adventina?"

"Mama, mtoto amekufa."

"Ndiyo. Nimesikia." Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kile kitabu chake, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa kinasema, mwanamke akizaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hakikusema mpaka lini."

Nilifungua kinywa kumweleza kwamba amekosea, kwamba kuna mambo ambayo vitabu haviandiki, kila mtu anayajua. Kila nilichojaribu kukitamka kilikuwa kinasikika kibaya kikitoka nje. Akaketi tena, akavuta ungo. "Mama Koku," akasema, "jiwe hili umeliacha." Nikaliokota lile jiwe nikilia kwa sauti, na mtu aliyekuwa anapita barabarani akasimama kutazama.

Mwaka wa Koku ulipokaribia, Mama Kusuma akaniambia kwao mtu akitimiza mwaka, jamaa hupika, huwalisha watawa, na thawabu ya chakula kile humwelekea marehemu. Watawa Mwanza hakuna. Tutalisha watu. Nikaogopa, sitasema uongo. Nikajiuliza kama nauza roho yangu kwa sahani ya wali. Lakini nikawaza pia: mwaka mzima umepita na hakuna aliyemfanyia Koku lolote, na huyu mgeni yuko tayari kupika mchele wake wote. Nikawaalika wenzangu wa kwaya na wasichana wa ofisini. Mzee wa kwaya, mama ninayemheshimu mpaka leo, akanivuta pembeni. "Adventina, umeanza kula vya sanamu?" Nikamwambia ni kumbukumbu ya mtoto wangu. "Mtoto gani?" akasema, na alikuwa anauliza kweli.

Tulipika tangu alfajiri, maana kwao chakula hicho huliwa kabla ya adhuhuri. Wali, samaki wa nazi bila nazi, mchicha, na ndizi nilizozipika kwa mkono wa kwetu. Mama Kusuma alivaa nguo nyeupe. Tukapanga sahani mezani, tukatandika mkeka, tukafungua mlango wa mbele, tukakaa. Jua likapanda. Sufuria zikaacha kutoa mvuke. Kila aliyepita barabarani nilikuwa nasimama. "Je, hawaji?" akauliza mwishowe. "Hawaji," nikasema. Sijawahi kuwa peke yangu vile, kabla wala baadaye, hata siku niliyomzika mume wangu. Nilijiona nimemtoa mwanangu nje ili watu wamkatae mara ya pili.

Ndipo ua ukatikisika, akaingia Mama Bhoke na kanga ya ubalozi. Hakusalimia. "Mimi niko kikazi," akasema. "Nimeambiwa hapa kuna mkutano bira kibari." Akatazama viti vitupu, akatazama mkeka, akatutazama sisi wawili. Macho yakafika mezani. "Huo ni wari?"

"Karibu, mama," akasema Mama Kusuma.

"Mimi ni Mkristo."

"Ndiyo. Karibu."

Akasimama akipima. "Haya," akasema, "Mungu hawezi kuniuriza kwa nini nirikura wari. Ataniuriza kwa nini niriuacha upoe." Akakaa, akala. Alikula kwa bidii, akaongeza, na mimi nikawa namtazama kila tonge, mtu mmoja tu aliyekuja kula chakula cha mwanangu. Aliposhiba akauliza ni shughuli ya nani. Nikamwambia. Akaanza kujifuta mikono kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja.

Mama Kusuma akaleta kikombe ndani ya bakuli, na jagi la maji. Maji yangu ya ziwani. Akatuambia tushike jagi wote watatu, mkono juu ya mkono, akaanza kusema maneno ya kwao kwa sauti ya chini huku akilimimina kidogo kidogo kikombeni. Maji yakapanda. Yakafika ukingoni. Na mimi, mbeba debe, nikaona mama wa watu amezama katika maombi haoni, nikaliinua jagi kwa nguvu: "Mama, kinajaa!" Na Mama Bhoke wakati huo huo: "Maji hayo!" Tukasimama pale watatu, jagi hewani. Mama Kusuma hakukasirika. Akaurudisha mkono wangu chini taratibu. "Acha kijae," akasema. "Acha yamwagike. Ya kikombe ni yetu. Yanayomwagika ni ya Koku." Tukamimina. Yakafurika, yakateremka pande zote, yakajaa bakuli. Nilitazama maji yale niliyopanda nayo mawe yakimwagika, na ilikuwa mara ya kwanza kumpa mwanangu kitu tangu nilipomnyonyesha.

Mama Bhoke hakuondoa mkono. Jagi lilikuwa bado na maji. Uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, sikujua kama anayo sauti ndogo. "Na Marwa wangu naye?" akasema. "Huyo arikuwa kabra ya Bhoke." Mama Kusuma akaondoa bakuli lililojaa, akalimwaga kwenye mizizi ya maua, akarudisha kikombe kitupu. Tukammiminia Marwa.

Akiondoka, Mama Bhoke alipita kwenye michongoma, akageuka, akapaza sauti yake ile ya mtaa mzima: "Haya, Mama Koku! Kesho!" Watu walisikia. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, na mimi, tukiwa wawili tu, nilikuwa namwita Mama Marwa.

Mwaka haukuisha vizuri. Mkataba wa mhandisi ulikwisha, wakafungasha. Mama Kusuma alinishika mikono yote miwili barazani, akanitazama muda mrefu, yupo kabisa, hakuna hata kipande chake kilichokuwa kimetangulia nyumbani. Nami nilikuwepo. Labda ndiyo mara pekee nilifaulu. Sikupata tena habari zake. Nyumba ikapewa watu wengine, nikahamia chumba cha kupanga Mkolani, na jioni ya kwanza nikaweka sahani yangu juu ya sanduku, nikasema kwa sauti, "Sasa tunakula," na kuta hazikunijibu. Baadaye mume wangu akanifuata Mwanza, watoto wakaja, Deus wa kwanza, na nikawa Mama Deus kwa dunia nzima. Nilifurahi, sikatai. Nikiulizwa kliniki, kanisani, popote, nilisema nina watoto wanne. Watu wamechoka, foleni ni ndefu, nani atasimama kusikiliza wa tano?

Jumapili Jovina alikuja kweli. Nikamweleza yote haya mezani, simu yake ameilaza kifudifudi. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikaleta kikombe, bakuli, na jagi la plastiki, maji ya bomba, siku hizi yapo. Nikamwambia ninataka kummiminia Mama Bhoke, na Marwa, na Koku, na kama amekufa basi na Mama Kusuma, na sina mtu wa kushika jagi. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Tukamimina. Maji yakapanda, yakafika ukingoni, na mkono wa mtoto wa watu ukashtuka ukaliinua jagi: "Bibi, kinajaa!"

"Acha," nikamwambia.

Yakamwagika, yakajaa bakuli, yakapita bakuli, yakateremka mezani mpaka sakafuni, na hakuna aliyekwenda kutafuta kitambaa. Jovina alikuwa anayatazama. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, baba yake, mimi, yule mtoto.

"Kumbe nina shangazi," akasema.

"Unaye," nikamwambia. "Anaitwa Kokugonza."